Premio ya afande: betri iliyokuwa ikifa kwa kalenda

Gari lenyewe ni Toyota Premio ya 2003, petroli, gia otomatiki, lililotoka Japani likiwa limeshatumika, kama yalivyo mengi yanayotembea Uganda. Mwenyewe ni mwanajeshi mstaafu anayekaa hapa Bombo, na mtaa mzima humwita afande, hata watoto wanaompelekea maziwa. Kazi ya Premio ni moja: Jumapili asubuhi kwenda shambani upande wa Wobulenzi, jioni kurudi. Siku sita zinazobaki hulala chini ya mwembe.

Alifika gerejini kwangu Jumatano asubuhi kwa boda boda, betri ameipakata kama mtoto.

"Jambo, fundi."

"Jambo, afande."

"Gari yangu imekufa tena. Hii betri ni ya pili tangu mwezi wa sita. Sasa wananiambia ninunue ya tatu, na mimi nimekataa."

Majibu alikuwa ameshapewa mengi njiani. Aliyemuuzia betri alisema alternata, ile mashine inayozungushwa na injini ili ichaji betri, haichaji. Fundi wa kwanza alisema alternata inachaji vizuri, tatizo ni traka ambayo watoto wake wa Kampala waliifunga ili gari lisiibwe. Wa pili alisema betri za siku hizi ni feki. Jirani akamwonya asiiweke betri kwenye sakafu ya saruji kwa sababu saruji hunyonya moto wake. Hilo la saruji nalisikia kila mwezi. Betri za zamani zilizokuwa na kasha la mbao au la mpira zinaweza kuwa ndizo zilizolizaa. Kasha la plastiki la leo haliruhusu umeme kupita, na betri ikifa juu ya saruji ingekufa vilevile juu ya godoro.

Nilimuuliza swali ambalo huwauliza wote: hufa baada ya muda gani? Wengi hujibu "baada ya siku kadhaa" na mazungumzo yanaishia hapo. Afande alitoa daftari mfukoni. Huandika kila kitu kinachohusu gari: mafuta, kilomita, pesa aliyotoa, siku. Asubuhi akishakunywa chai hukaa kwenye kiti cha dereva kusikiliza habari redioni, kwa hiyo siku redio inapokataa kuwaka anaijua na anaiandika. Akanisomea. Juni na Julai yote, mpaka wiki ya pili ya Agosti, ilikuwa ikikataa Ijumaa. Kuanzia wiki ya tatu ikawa Jumatano. Kila ikifa, betri inapelekwa mjini kuchajiwa, inarudi, inasubiri Jumapili.

Nikasema, "Vizuri, afande," kisha katika hayo aliyonisomea nikaishika Jumatano tu, Ijumaa nikaiacha ipite. Nitalirudia hili.

Betri kwanza

Kwenye mita betri ilisoma volti 10.9. Betri ya gari ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja hutoa volti 2.1 hivi, kwa hiyo ikijaa na kupumzika saa chache husoma 12.6 mpaka 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 nusu, na ikishuka chini ya 12 hapo iko karibu tupu. Kwa 10.9 hakuna cha kupima. Kupima betri tupu ili ujue kama ni mbovu ni sawa na kumpima mtu mbio akiwa hajala siku tatu.

Niliifunga kwenye chaja ndogo, ampea 4, ikakesha. Chaja kubwa za mjini zingeijaza mchana mmoja, lakini betri ikishafikishwa chini namna hiyo mara kwa mara, sahani zake huanza kushika salfeti ngumu, na kuichemsha kwa ampea 20 hakuisaidii. Asubuhi niliitoa, nikaiacha ipumzike nikinywa chai, nikapima: 12.7. Nikafungua vifuniko nikatia hidromita, kipimo cha uzito wa asidi, kwenye chumba kimoja kimoja. Vyote vilisoma kati ya 1.26 na 1.27. Chumba kimoja kingekuwa kimeshuka peke yake ningesema betri inakufa kutoka ndani. Hii ilikuwa nzima. Nikaifunga garini, nikawasha. Wakati stata inazungusha injini volti zilishuka mpaka 10.4 tu na kurudi. Nzima kabisa.

Injini ikiwa inanguruma, mita ilisoma volti 14.1 kwenye betri. Nikawasha taa kubwa na feni: 13.9. Kwenye karatasi yangu nikaandika, "Alternata nzima." Sentensi hiyo ilikuwa uongo nusu, ila sikujua bado.

Kusikiliza gari likiwa limelala

Kama betri ni nzima na inachajiwa vizuri, lakini gari likilala inaisha, basi kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa. Kila gari hula kidogo: saa ya dashibodi, kumbukumbu ya kompyuta ya injini, kipokezi cha rimoti. Kwa gari la aina hii nategemea kati ya ampea 0.02 na 0.05. Ikizidi hapo natafuta.

Namna ya kupima ni kuiweka mita katikati ya njia, kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake, ili umeme wote unaotoka upite ndani ya mita. Mafundi wengi hukosea palepale mwanzoni. Ukiuvua waya hasi, kompyuta za gari huzimika. Ukiurudisha kupitia mita huamka zote kwa pamoja, na namba unayoiona ni ya gari lililoshtuka usingizini. Mimi hufunga kwanza kipande cha waya mnene kati ya nguzo na waya wa gari, ndipo navua klampu, naweka mita sambamba, naacha gari litulie, halafu nautoa ule waya wangu. Umeme haukatiki hata mara moja.

Boneti inabaki wazi. Mlango wa dereva pia nauacha wazi, kwa sababu nitahitaji kufika kwenye fyuzi za ndani, ila kitasa chake nakigeuza kwa bisibisi mpaka kijifunge kana kwamba mlango umefungwa, na swichi ya taa ya ndani, ile ya kubonyea kwenye fremu, naibana kwa utepe wa karatasi. Ufunguo unakaa mbali, mfukoni mwangu. Mita za kawaida huvumilia ampea 10; mtu akijisahau akazungusha ufunguo, stata inataka zaidi ya mia moja, na fyuzi ya mita inaondoka. Nimeshanunua fyuzi tatu za namna hiyo. Mbili nilizichoma mwenyewe.

Baada ya nusu saa mita ilisimama kwenye 0.64.

Hapo nilifurahi. Ampea 0.64 mara saa 24 ni ampea-saa 15 na kitu kwa siku. Betri yake imeandikwa 45. Ukitoa uchovu, tuseme 40 za kweli. Siku mbili na nusu tu, imeisha. Ukiegesha Jumapili jioni, Jumatano asubuhi redio haiwaki. Daftari na mita vimekubaliana.

Kutafuta ni fyuzi gani sipendi kuanza kwa kuzing'oa. Ukiing'oa fyuzi na kuirudisha unaweza kuamsha kitu kilichokuwa kimelala, au kukilaza kilichokuwa kikikosea. Juu ya kila fyuzi ya plastiki kuna vijicho viwili vya chuma. Weka ncha za mita humo, kipimo cha milivolti. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Inayopitisha husoma kidogo, maana hata kipande kile cha bati kina ukinzani wake. Nilipitia fyuzi za dashibodi moja moja. Sifuri, sifuri, sehemu ndogo sana, sifuri. Nilipofika kwenye fyuzi ya ampea 15 inayolisha redio nikaona karibu milivolti 2. Hiyo nikaing'oa. Mita kwenye betri ikashuka kutoka 0.64 mpaka 0.26.

Redio ya afande ni ile ya skrini kubwa. Iliyokuja na gari iliondolewa kwa sababu inayojulikana na kila mwenye gari la Japani: redio za huko zilitengenezwa kupokea FM ya 76 mpaka 90, na stesheni zetu zimejipanga mpaka 108. Wapo wanaoweka kigeuzi kidogo nyuma ya redio ileile. Afande aliona bora abadilishe, akaifunga mpya mwezi wa tano. Nikaivuta nje. Nyuma ya redio za namna hii waya wa njano hupokea umeme wa kudumu, wa kutunza saa na stesheni. Mwekundu hupokea umeme pale tu ufunguo unapogeuzwa, na ndio unaoiambia redio iamke. Mweusi ni wa bodi. Hapa mwekundu na wa njano vilikuwa vimesokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe. Kwa redio ile ufunguo ulikuwa umegeuzwa tangu mwezi wa tano. Afande aliizima skrini kwa kitufe akaona giza, lakini kompyuta iliyo ndani ilikuwa macho usiku na mchana, ikila ampea 0.38.

Nilikuwa tayari kumlaumu aliyeifunga. Afande akakohoa.

"Apana. Mimi ndiye nilimwambia. Nilitaka kusikiliza habari bila ufunguo."

Nikautenga waya mwekundu, nikaupeleka kwenye waya wa gari unaopata umeme kwa ufunguo, nikasoda, nikafunika. Redio ikarudi mahali pake.

Namba niliyoiruka

Mita ilikuwa bado inasoma 0.26. Kwa maneno yangu mwenyewe, nategemea isizidi 0.05. Nikaitazama, nikajitungia maelezo mawili. La kwanza, gari bado halijalala vizuri kwa vile nimefungua dashibodi na kuchezea waya. La pili, traka. Traka nyingi zina betri ndogo ndani yake ya kuendelea kutuma taarifa mwizi akikata umeme; betri kubwa ikifa, hiyo ndogo nayo huisha, na umeme ukirudi hula zaidi kwa saa kadhaa mpaka ijae. Nikajisemea, hiyo ndiyo inajichaji, kesho itashuka.

Maelezo yote mawili ni ya kweli, na ndiyo maana yalinidanganya. Mawingu yalikuwa yameshajikusanya upande wa Kampala, afande ameshasimama na funguo, nami nimeshampata mwizi wa ampea 0.38 na kumwonyesha kwa vidole. Ningeiacha mita saa mbili nyingine ningeona haishuki. Ningevua fyuzi ya traka dakika moja tu ningejua. Sikufanya lolote kati ya hayo. Alinilipa, akaondoka.

Jumapili alienda Wobulenzi na kurudi. Jumamosi iliyofuata jioni, watu wamevaa tayari kwenda harusini, simu ikalia.

"Fundi. Imekufa."

Hakuongeza neno. Mtu akikupigia kelele unaweza kujitetea. Afande alikata simu.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Ampea 0.26 mara 24 ni 6.2 kwa siku. Arobaini gawanya kwa 6.2 ni siku sita na nusu, na stata hushindwa kabla betri haijaisha kabisa kwa sababu inahitaji umeme mwingi kwa mkupuo. Jumapili jioni mpaka Jumamosi jioni ni siku sita. Namba niliyoiruka ilikuwa imeniambia siku na karibu saa.

Ndipo nikalikumbuka daftari. Redio peke yake pamoja na ule ulaji wa kawaida ingekula 0.41, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku, na betri ingeisha siku ya nne: Alhamisi usiku, afande anaikuta Ijumaa asubuhi. Hiyo ni Juni na Julai. Jumatano ilianza Agosti. Kwa hiyo Agosti, wiki ya pili, kitu cha pili kiliongezeka juu ya redio, na mwenye gari alikuwa ameniambia hivyo waziwazi, kwa tarehe, kabla sijaigusa mita.

Mahali ambapo fyuzi ndogo hazifiki

Jumapili nilikwenda kwake na chaja na mita, sikungoja aniite. Betri iliposhajaa nilirudia mpangilio uleule. Mita ikatulia kwenye 0.26. Nikaanza na traka, ili niimalize kesi yake: nikaivua waya. Ikashuka kwa ampea 0.01 tu, nikairudisha. Miezi mitatu watu wanaitukana bure.

Nikapima fyuzi zote za dashibodi kwa milivolti, kisha zote ndogo za chini ya boneti. Hakuna. Nikawa mkaidi nikazing'oa kweli, moja moja, nikizipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa sanduku. Zote zikiwa nje namba ilishuka mpaka 0.23 tu, yaani ule ulaji mdogo wa kawaida. Afande, ameketi kwenye kiti cha plastiki, aliuliza umeme unapita wapi kama fyuzi zote ziko mezani.

Swali zuri. Kuna waya mmoja mnene unaotoka kwenye alternata kwenda betri. Njiani unapita kwenye fyuzi kubwa iliyokazwa kwa boliti, na anayeng'oa ndogo haigusi kamwe. Waya huo una umeme saa zote, ufunguo uwepo usiwepo. Kinachouzuia umeme wa betri usirudi ndani ya alternata na kuishia kwenye bodi ni diodi zilizo mgongoni mwake, ambazo kazi yake kuu ni kuugeuza umeme wa alternata uelekee upande mmoja.

Nikavua kwanza waya hasi wa betri. Hatua hii isirukwe: spana ikiwa kwenye nati ya alternata na ikagusa chuma cha injini wakati betri imefungwa, utachomelea spana yako hapohapo. Nikalegeza nati, nikautoa waya mnene, nikauviringishia kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli usiguse kitu. Nikazirudisha fyuzi zote, nikarudisha mita.

0.03.

Nikangoja dakika kumi, safari hii nikiwa na adabu. Ikabaki 0.03. Nikaurudisha waya: 0.26. Nikautoa tena: 0.03. Alternata ilikuwa inameza ampea 0.23 gari likiwa limelala, huku ikichaji volti 14.1 likiwa limewashwa.

Hapo ndipo mafundi wawili wa kwanza na mimi wa tatu tulipopotezwa. Tulipima alternata ikifanya kazi tukaisafisha na tuhuma zote. Kuvuja kwa ampea 0.23 ni kitu kidogo mno mbele ya mashine inayotoa makumi ya ampea. Volti hazitikisiki, taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki. Wapo pia wanaofundisha kwamba alternata inayovuja utaijua kwa kuishika asubuhi, itakuwa na joto. Kama diodi zimeungua kabisa, sawa. Kwa ampea 0.23 ni wati tatu hivi, zimesambaa kwenye kilo kadhaa za chuma na alumini. Niliweka kiganja. Baridi kama mlango wa benki.

Cheche za Agosti

Nilipoifungua alternata kwenye benchi nilikuwa natafuta diodi mbili. Watu wengi husema "diodi moja imeungua, ndiyo inamaliza betri", lakini fuata njia yenyewe kwa kidole. Umeme unatoka nguzo chanya, unaingia diodi ya upande wa chanya kinyumenyume, unapita kwenye waya za shaba, halafu unakutana na diodi za upande wa hasi, ambazo nazo zinauzuia. Ikivuja moja tu, ya pili bado imefunga mlango. Katika alternata zinazolisha sumaku yake kupitia diodi ndogo za pembeni njia nyingine inaweza kupatikana, lakini hii si ya muundo huo. Hapa ili umeme ufike kwenye bodi lazima moja ya juu ivuje na moja ya chini ivuje. Haijalishi kama ni za waya tofauti, kwa kuwa shaba yote mle ndani imeungana.

Nilizitenga kwa kuyeyusha risasi, nikazipima moja moja pande zote mbili. Nzuri hupitisha upande mmoja na kukataa kabisa upande wa pili. Moja ya chanya ilikataa kwa shingo upande, omu 22. Moja ya hasi, omu 31. Jumla 53. Sasa chukua volti 12.6 ugawanye kwa ampea 0.23: unapata karibu 55. Sijapata mara nyingi hesabu inayofunga vizuri hivyo gerejini, na nilimwita kijana wangu aje aione.

Diodi mbili za pande mbili haziharibiki pamoja kwa bahati. Kinachozipiga zote kwa pigo moja ni kuunganisha betri kinyume, chanya kwa hasi. Zikielekezwa hivyo, diodi za juu na za chini zinakuwa barabara moja iliyonyooka, na umeme wote wa betri ya pili unapita ndani yake bila kizuizi.

"Afande, Agosti wiki ya pili kulitokea nini?"

Akafungua daftari. Ilikuwa imeandikwa: "Ijumaa. Vijana wa stegi, waya za kuchajia, 10,000." Gari la otomatiki huwezi kulisukuma liwake, kwa hiyo vijana walileta betri ya taksi na waya mbili. Nikamuuliza kama anakumbuka chochote.

"Nakumbuka. Walikosea kwanza. Iliruka moto kama ya kuchomelea, mmoja akaanguka chini. Halafu wakageuza waya, ikawaka. Nikawapa pesa yao."

Waya ziligusana kwa kupepesa jicho tu, kwa hiyo fyuzi kubwa ilinusurika na diodi hazikuungua moja kwa moja. Ziliumia. Ijumaa hiyo ya Agosti betri ilikuwa imeuawa na redio. Katika kuifufua, ikazaliwa njia ya pili ya kuimaliza. Wiki iliyofuata ikaanza kufa Jumatano, wakasema betri imeharibika, akanunua nyingine mwishoni mwa mwezi. Ile ya Juni, iliyotupwa, huenda ilikuwa na maisha bado.

Sahani ya diodi niliiagiza soko la Kisekka, Kampala, iliyotumika lakini niliyoipima mwenyewe kabla ya kuilipa. Kuisoda kunataka pasi ya risasi yenye nguvu. Ile ndogo ya kutengenezea simu itakuachia viungo baridi vitakavyoachia siku ya joto. Nilipofunga kila kitu na kupima gari likiwa limelala, saa nzima, nikisoma gazeti: 0.03, ikiwemo traka. Kazi ya siku ya pili sikumtoza, nilichukua pesa ya kifaa tu. Alibisha kidogo, kisha akaandika kwenye daftari.

Mwezi uliofuata alisafiri kwenda Gulu kumtembelea binti yake aliyejifungua. Premio ikabaki chini ya mwembe wiki tatu. Aliporudi alinipigia nije na mita kabla hajagusa ufunguo, alitaka namba. Kwa 0.03 kwa siku 21 nilitegemea imepoteza ampea-saa 15, theluthi moja. Betri ilisoma 12.38. Akawasha, ikashika mara ya kwanza.

Injini ikinguruma, alinyoosha kidole kuelekea redio.

"Sasa fundi. Ile mambo ya kusikiliza habari bila ufunguo."

Nikamwambia inawezekana, ila kwa swichi yake peke yake, ya kubonyeza, yenye taa nyekundu inayoonekana hata kutoka barazani, na yeye ndiye atakayeizima. Alifikiri kidogo akauliza taa hiyo itakula ampea ngapi.

"Ikiwa imezimwa, afande, haili kitu."

Akatoa kalamu akaandika hilo pia.